Reli Inayong'aa Haijafa

Cheka kwanza, umalize, ndipo tuendelee: nilipokuwa na miaka kumi niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba Wamarekani walizika treni zao zikiwa hai. Sisemi treni za moshi. Nasema zile za umeme, zilizokuwa zikipita katikati ya barabara na kupiga kengele. Aliyeniletea habari hiyo alikuwa Egide, mtoto wa jirani zetu Warundi, aliyenizidi mwaka mmoja wa umri na miaka arobaini ya uongo. Alisema magari yalipokuwa mengi mno, serikali iliagiza lami imwagwe juu ya treni zote, dereva akiwa ndani, kofia kichwani, na kwamba kwenye kona ya mtaa wetu mbavu za treni moja zilikuwa zimeanza kutokeza. Nikaenda kuchungulia. Zilikuwa zimetokeza kweli.

Ni reli mbili tu, urefu wa kitanda hivi, zilizochungulia pale lami ilipobanduka. Mwaka huu nimeona kipande kingine kama kile katika barabara moja kuukuu hapa Houston, na tangu siku hiyo harufu ya lami ya moto haijanitoka puani.

Tulikuwa tunakaa mashariki ya Dallas, katika nyumba za kupanga ambazo kila Jumamosi zilinuka sombe, kisamvu chetu, na samaki wa kukaanga mpaka mbwa wa mitaa mitatu wakakosa usingizi. Tulikuwa watano: Papa, Mama, mimi, Babu na Bibi. Kisha Bibi akapooza upande mmoja, akapelekwa hospitali, na kutoka hospitali wakampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa huko Mesquite, kwa kuwa Papa na Mama walikuwa kazini na hapakuwa na mtu wa kumgeuza kitandani. Tukabaki wanne.

Mesquite si mbali. Kwa gari, wimbo wa kanisani haujaisha umefika. Lakini gari hatukuwa nalo, na mabasi ya upande wetu hayakuvuka kwenda huko. Papa alifanya kazi ya usiku kwenye ghala la huko huko Mesquite, akisafiri kwa kigari cha Warundi kilichojaa kama gunia la dagaa. Kiti chake chenyewe, alikuwa akisema, kilikuwa nusu kiti. Na usiku wagonjwa hawapokei wageni. Kwa hiyo Babu alimwona mkewe siku ambayo ndugu wa kanisani alikuwa na gari, na nafasi, na moyo, vyote vitatu kwa pamoja. Vilikutana kwa nadra kama kupatwa kwa jua.

Bibi hakujua Kiingereza. Mle ndani hakukuwa na mtu wa Kiswahili, achilia mbali Kibembe, lugha yake. Chakula chao hakukitambua. Mara ya mwisho tulipokwenda alikuwa amekonda, ameacha kusema, na Babu alipomlisha sombe kwa vidole alikula sahani nzima, kisha akamshika mkono wa shati asimwachie. Ndugu wa kanisani alikuwa amesimama mlangoni anazungusha funguo za gari kidoleni. Tangu siku hiyo Babu alikuwa na wazo moja tu kichwani: kufika Mesquite kwa miguu yake mwenyewe, bila kumwomba mtu, na bakuli la sombe, kabla Bibi hajakata tamaa.

Sasa uelewe Babu alikuwa nani. Huko kwetu Kalemie, Kongo, alikuwa mfanyakazi wa njia ya reli. Kazi yake ilikuwa kutembea na nyundo, anagonga reli, anasikiliza, anakaza palipolegea. Alijigamba kwamba alitembea kutoka Kalemie hadi Kabalo mara nyingi kuliko treni zenyewe, na hilo sidhani kama alitia chumvi, maana treni za kule zilikuwa na tabia zake. Treni ingeweza kukaa mwezi haijaonekana. Watu hawakuondoka. Walikuja kituoni na mkeka, sufuria na kuku wao, wakapika, wakasali, wakagombana, wakachumbiana, na mtu wa mjini alipowacheka waliambiwa, "Treni haijafa, imechelewa tu." Na siku moja, kweli, ilikuja.

Nilipompeleka kuona mbavu za Egide, Babu alipiga magoti barabarani kama anayesali. Gari moja likampigia honi. Akapitisha kidole juu ya chuma.

"Kijana, angalia. Reli ya kufa inavaa kutu. Hii inang'aa juu kama kioo. Maana yake nini?"

"Kuna treni inapita, Babu?"

"Iko inapita. Ni sisi tu hatujaiona." Akainuka, akatazama inakoelekea. "Na inaenda wapi? Inaenda kwa jua kutokea. Mesquite iko wapi?"

Mesquite ilikuwa upande huo huo. 

Mama hakutaka hata kusikia. "Papa, huku si Kalemie," alimwambia mkwewe huku akisonga bugali. "Huku mtu hana gari, hana miguu."

"Na ile reli waliiweka ya mapambo?"

Mama akageuza mwiko. Nami nilikuwa na ushahidi mzito kuliko wote. Shuleni walitupeleka ziara katikati ya jiji, na huko, kwa macho yangu haya mawili, niliona treni ya umeme inapita barabarani. Nyekundu, ya zamani, inapiga kengele, watu wamekaa madirishani wanapiga picha. Niliporudi nyumbani ilikuwa imeongezeka mabehewa manane na viti vya ngozi ya chui. Ilikuwa ya watalii tu, inazunguka kwenye mitaa ya mikahawa na kurudi ilikotoka, lakini nani angenieleza hilo? Babu alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kabatini, akatoa koti lake jeusi na kulikung'uta vumbi.

Basi tukaanza kungoja. Jumamosi na Jumapili baada ya misa ya akina Egide na ibada yetu, Babu aliketi kwenye kona juu ya kiti cha plastiki, koti limefungwa vifungo vyote, bakuli la sombe limefungwa kwa kitenge juu ya mapaja. Kazi yangu ilikuwa kulaza sikio juu ya reli. Nilisikia mngurumo kila mara. Wewe pia ungeusikia. Dallas nzima inanguruma.

Habari ya treni haikai ndani ya nyumba moja. Mama Egide, aliyekuwa anafanya usafi hotelini na ambaye mwenzake wa kumchukua kwa gari alikuwa na kawaida ya kumsahau, alikuja na rozari mkononi.

"Muzee, ikija, itapita hoteli yangu?"

"Hii ni njia ya mashariki, mama."

"Nitapanda hivyo hivyo. Nitashuka nikichoka."

Halafu zikatokea alama. Mtu mmoja mwenye kizibao cha kung'aa alikuja na kopo la rangi, akachora mistari ya machungwa kuzunguka reli zetu, akaenda zake. Babu alinishika bega kwa nguvu. Kwao Kalemie wahandisi walichora kwa chaki kabla ya kutengeneza njia. "Wanapima," alisema. "Wanapima kwanza, halafu wanaileta." Usiku ule hakula. Alimwambia Mama apike sombe nyingi zaidi wiki inayofuata, atie mafuta ya mawese yale mazuri, yale ya mgeni.

Jumamosi iliyofuata nusu ya Kongo na robo tatu ya Burundi walikuwa kwenye ile kona. Sawa, tulikuwa saba, na mmoja alikuwa mtoto mchanga. Lakini tulikuja na mikeka, chupa za chai na mwavuli. Mama Egide alikuwa na begi. Watu waliokuwa wakipita na magari walipunguza mwendo wakitutazama, na sisi tukawapungia mikono kwa huruma, maskini hawa, watabanwa na foleni na sisi tunapita.

Lori likaja. Nyuma yake likaja gari zito la kushindilia barabara. Babu alivua kofia, akawaamkia wafanyakazi mmoja mmoja kwa mkono, kama mtu anayesalimia wenzake wa kazi, nao wakampokea vizuri. Mmeksiko mmoja alimpa chupa ya maji baridi na kumwonyesha kwa ishara asogee ukingoni. Tukasogea. Tukapanga mizigo.

Kisha wakamwaga lami.

Ilishuka nyeusi, inatoa moshi, na harufu ile ikaingia mpaka kwenye chai. Wakaisambaza kwa reki. Gari zito likaenda mbele, likarudi nyuma, likaenda, likarudi.  Walipomaliza walikusanya vifaa vyao, yule Mmeksiko akampungia Babu mkono, wakaondoka. Barabara ikawa laini kama ubao mpya wa darasani.

Babu alingoja moshi uishe. Akaenda, akaikanyaga kwa ncha ya kiatu.

"Wamefunga njia," alisema, kwa sauti ya kumwambia mtu kuna msiba kwao.

Mama Egide akachukua begi lake. Wengine wakakunja mikeka. Nilidhani nasi tutarudi nyumbani, lakini Babu alinyanyua bakuli, akaelekea jua linakotoka, macho chini, akigonga lami kwa fimbo yake ya kutembelea na kusikiliza kama enzi zake za nyundo. Alikuwa anakagua njia. Kwake njia iliyofunikwa bado ni njia, unaifuata tu.

Tukaifuata. Tukapita mafundi wa matairi, makanisa matatu, duka la nyama lililopiga muziki wa Kimeksiko. Katika njia panda moja reli ikachungulia tena, kipande cha kiganja tu, kinang'aa, na Babu akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Bibi aondoke. "Si nilikuambia?" Tukaongeza mwendo. Jua lilikuwa kali, sombe ilikuwa nzito, nami nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

Halafu tukafika kwenye barabara kuu. Uliyeishi Texas unaijua. Mto wa magari, upana wa ziwa, hauna daraja la miguu wala ukingo wa kukanyaga. Upepo wa malori ulipeperusha koti la Babu. Mbele, juu ya nguzo, palikuwa na kibao cha kijani.

"Kimeandikwa nini?"

"Mesquite, Babu."

"Iko wapi?"

"Ng'ambo."

Alisimama pale muda mrefu. Kisha akainua bakuli kidogo kwa mikono miwili, kama unavyomwonyesha kitu mtu aliye mbali, halafu akalishusha.

"Turudi," alisema. "Sombe itachacha."

Bibi alifariki msimu ule wa baridi, usiku wa siku ya kazi, akiwa peke yake. Wakati huo Papa alikuwa kwenye ghala, karibu na pale kiasi kwamba kwa miguu angefika, anapakia makasha; alipata habari alipowasha simu wakati wa mapumziko. Na ile siku ya mazishi, lo! Kila mtu kanisani alikuwa na gari. Magari yalikuja mpaka yakakosa pa kuegeshwa. Babu alikalishwa kiti cha mbele cha gari la mchungaji, amefungwa mkanda, akavushwa ile barabara kuu bila hata kusimama. Hakutazama dirishani.

Aliishi miaka michache zaidi. Hakuzungumzia treni tena. Nilipomtania kidogo, alitabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mtoto wa watu.

Nimekuja kuyajua mengine baadaye, maana mimi, usinione hivi, ni msomi wa usiku. Mchana nilisukuma vitanda vya wagonjwa hapa Houston, jioni nikasoma mpaka nikapata cheti cha sekondari ambacho mke wangu amekitundika sebuleni kwetu Pearland, pembeni ya Houston, juu ya televisheni, mahali pa picha ya harusi. Huko darasani ndipo mwalimu wa historia alipotandika ramani ya zamani. Njia za umeme zilijaa kama mishipa: Dallas hadi Fort Worth, Houston hadi Galveston, na mstari mmoja mwembamba kutoka Dallas kwenda mashariki, unapita Mesquite. Nilitaka kupanda juu ya dawati. Mzee alikuwa sahihi! Kona ile ile, upande ule ule! Alikosea jambo moja tu: safari hii treni haikuchelewa, sisi ndio tuliochelewa, tena kwa miaka mingi. Magari na barabara vilishinda, mabehewa yakauzwa, mengine yakawa mabanda ya kuku, na reli nyingi zikaachwa zilipo, kwa kuwa kuzifunika ni rahisi kuliko kuzing'oa.

Haya yote niliyakubali. Ila swali moja nililibeba tangu utotoni hadi utu uzima, na kusema kweli sikutaka lipate jibu. Ule mng'ao je? Babu alijua reli kuliko alivyojua jina lake. Kama hakukuwa na kitu kinachopita, nani alikuwa anaisugua? Katika pembe moja ya roho yangu kulikuwa bado na dereva, kofia kichwani.

Basi mwaka huu, pale Houston, taa nyekundu imetusimamisha, jua liko chini, na mbele ya bampa langu kipande cha reli kinawaka kama kisu. Nikamsimulia binti yangu Furaha, mwenye miaka kumi, kisa kizima, na bakuli, na kibao cha kijani. Nikamalizia kwa kusema babu yangu hakuwa mjinga, kwa sababu reli inayong'aa haijafa.

Furaha hunijibu kwa Kiingereza hata nikimwamkia kwa Kiswahili. Siku hiyo aliitazama ile reli, akayatazama magari yanayokatiza, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota, polepole, ili nisiumie:

"Baba, ni matairi. Magari yanapita juu yake kila siku. Ndiyo maana inang'aa."