Mzimu wa Ghorofa ya Tano

Enzi zetu kule Akalla, mtaa wa maghorofa Ulaya ya kaskazini, kutisha watu ilikuwa kazi ya mikono. Mavazi ya kuagiza kwa simu hayakuwepo. Ulihitaji shuka, mkasi na roho ngumu. Oktoba ikifika ukingoni, kwenye sikukuu ya mizimu, saa kumi na moja jioni kiza kishatanda, korido zinanukia samaki wa huyu na vitunguu vya yule, nasi watoto tunapanda ngazi mlango hadi mlango tukipaza sauti, "Bus eller godis!", yaani tupeni peremende au tuwafanyie vituko.

Nasema "nasi", kumbe mimi nilikatazwa. Mama yangu, mtu wa Bukavu na wa maombi, alishakata shauri: "Hatukukimbia vita juu mukuje kucheza na mapepo huku Ulaya. Nikikukamata, utatubu mbele ya kanisa yote!" Nilikuwa na miaka tisa, na kusimama mbele ya kanisa zima kuliniogofya kuliko pepo yeyote. Lakini peremende nazo! Mama alipotoka tu, nikachukua shuka jeupe, nikalitoboa matundu mawili ya macho, nikamfuata rafiki yangu Sanyu, Mganda asiyejua woga.

Ghorofa ya tano tukakuta viatu vimejazana nje ya mlango mmoja, jozi kumi na kitu. Sanyu akaninong'oneza kwamba hapo pana sherehe, hapakosi soda na keki. Tukabonyeza kengele. Mlango ulipofunguka nikanguruma kwa nguvu zangu zote.

Haikuwa sherehe. Lilikuwa kundi la maombi. "Toka, mu jina la Yesu!" Kina mama waliruka kutoka kwenye makochi, mmoja kainua Biblia juu, mwingine ananinyunyizia mafuta. Sanyu alishuka zile ngazi mbio ambazo sijaziona tena. Mimi nilibaki pale, nimekanyaga shuka langu. Kisha mkono ukatua kichwani pangu, na sauti ya Mama ikawanyamazisha wote: "Baba, ulinde huyu mutoto. Mama yake hajue kama iko inje. Umurudishe nyumba muzima." Nikafumba macho ndani ya shuka, nikangoja anifunue. Hakunifunua. Alinitia mandazi mawili mkononi, akafunga mlango taratibu.

Aliporudi nyumbani alipakua ugali na sombe, yale majani ya muhogo, kama kawaida. Nilipokwenda kulala akasema tu, "Kesho utafula ile shuka, na utaishona." Kanisani hakulifikisha neno, na hajalitaja mpaka leo.

Siku hizi wanangu huenda kwa ruhusa, wamevaa mifupa inayowaka taa, na nikiwaambia wavae kofia hunijibu, "Mamma, lugn!" ati nitulie. Wanarudi na peremende za kufungulia duka. Nawapenda, lakini nawahurumia kidogo. Kila mlango wanaogonga hufunguliwa na mtu mwenye tabasamu na bakuli, kisha hufungwa. Hakuna hata mmoja anayewaombea. Basi wakishatoka nasimama dirishani nawaombea mwenyewe, kwa sauti ndogo, maana wakinisikia wataona aibu.