Paja la Fuko

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kila mnyama niliyekutana naye nilimuuliza moyoni swali moja: wewe una ladha gani? Haikuwa njaa. Tuliishi Kitale, baba alikuwa karani wa serikali, na mezani petu ugali na sukuma wiki havikukosekana, wala nyama siku ya Jumapili. Ulikuwa udadisi tu, kama wa mtoto mwingine anayetaka kujua ndani ya redio kuna nini. Kumbikumbi nilikuwa nimeshawala wabichi, mabawa yakinikwama kwenye meno. Kware nilikuwa nimemla pia. Baba alipotusimulia kwamba katika ujana wake aliwahi kuonja nungunungu, nilimsumbua wiki nzima anieleze kama ile nyama inafanana na ya mbuzi au ya kuku, mpaka akajuta kulitaja jina hilo.

Darasani kwetu walikuwamo watoto wa kila upande, maana Kitale ni mji wa watu waliohamia. Basi niliwauliza. Rafiki yangu mmoja, ambaye nyumbani kwao hasa ni Kapsokwony, aliniambia kwao fuko haliwi na yeyote, na akatema mate. Mwingine akasema kwao sungura huliwa, ila mwenye mimba akimla, mtoto huzaliwa na masikio marefu. Wa tatu alisema nyanya yake hajawahi kula kuku tangu azaliwe, ingawa wageni wakija ndiye anayewapikia. Kila mmoja alikuwa na mnyama wake na adhabu yake, na kila mmoja alicheka za wenzake. Nikaona kwamba katazo la nyumba hii ni kitoweo cha nyumba ile. Sikumwambia mtu, lakini wazo hilo lilikaa kichwani mwangu kama punje iliyopata unyevu.

Kwetu sisi katazo lilihusu fuko, yule mnyama mnene wa manyoya laini anayeishi chini ya ardhi na kula viazi vitamu kuanzia chini, ukivuta majani unabaki umeyashika mkononi. Wanaume walimla. Wanawake, hapana. Niliyajua haya kutoka kwa nyanya mzaa baba, ambaye sote tulimwita Kukhu, huko Matulo, karibu na Webuye, tulikopelekwa kila likizo.

Kukhu alikuwa mwanamke wa kanisa, mpole, asiyependa kelele. Katika jambo hili tu hakuwa na mzaha. Fuko haoni jua, alisema. Mwanamke akimla, mtoto wake naye hataliona jua.

Likizo ile ilikuwa ya Aprili, mvua imeanza, na mafuko walikuwa wameingia kwenye viazi. Babu yetu, Kuka, alikuwa fundi wa kuwatega. Alichimba mpaka akaifikia njia ya fuko, akaweka kitanzi ndani yake, akakifunga kwenye fito aliyoipinda hadi ikakaribia kugusa udongo. Fuko hapendi upepo uingie kwake. Anaposikia tundu limefunguliwa, huja kuliziba, na hapo kitanzi humkamata na fito huruka juu. Asubuhi ungeziona fito zilizosimama kutoka mlangoni. Nilijifunza kutega kwa kumtazama tu, na Kuka hakunifukuza, ila nyama ilipofika motoni nyuma ya ghala, mimi nilitumwa maji.

Kaka yangu Simiyu, aliyenizidi miaka miwili, alikaa karibu na moto huo kama mzee wa baraza. "Wewe kaa huko mbali," aliniambia. "Ati unataka kuzaa watoto wa kukupapasa uso ndio wajue kama ni wewe mama?" Kuka alicheka. Mimi sikucheka.

Siku hiyo kulikuwa na mtu mwingine nyumbani: Senge Nekesa, dada mdogo wa baba. Alikuwa ameolewa na mfanyabiashara aliyevuka mpaka wa Suam kila mara kuleta bidhaa kutoka Uganda, na kwa kuwa mume hakai nyumbani, Senge alirudi kwa mama yake kuusubiri uzazi wake wa kwanza. Tumbo lilikuwa limeshuka. Alikaa kwenye kigoda siku nzima akitamani vitu: udongo wa kichuguu, maembe mabichi, chochote chenye chumvi.

Mafuko wawili walikuwa wameshaiva wakati jirani alipokuja kumwita Kuka, ng'ombe ameingia kwenye mahindi. Kuka na Simiyu wakatoka mbio. Kukhu alikuwa mtoni. Mimi nikainua bakuli lililoifunika nyama, nikachomoa paja moja, nikageuka, na Senge Nekesa alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nilingoja kofi. Alilitazama lile paja, akatazama njia ya mtoni, kisha akanyoosha mkono. "Kata katikati," akasema.

Tulikula nyuma ya jikoni, katikati ya migomba, tumechuchumaa kama wezi tuliokuwa. Ilikuwa nyama yenye mafuta mengi, laini kuliko kuku, na nyuma yake kulikuwa na harufu ndogo ya udongo na viazi. Senge alitafuna polepole, akalamba kidole, akatikisa kichwa.

"Kwa hivyo ndiyo hii," akasema. "Ati inapofusha. Wanaume ni wachoyo, bana."

Tulicheka hadi akashika tumbo. Tukafukia mfupa, tukaapa kutosema.

Mtoto alizaliwa siku kumi baadaye, pale nyumbani, mikononi mwa mkunga wa kijiji. Mvulana, mzito, mwenye sauti. Wakamwita Wafula kwa sababu ya mvua. Siku ya tatu jioni nilienda kumtazama nikakuta kope zake zimevimba kama zilizoumwa na nyuki, na usaha wa manjano ukitoka. Hakuweza kufungua macho. Kukhu alikuwa amemshika, na alikuwa akimtazama binti yake, si mtoto.

Aliuliza mara moja tu. Nekesa, ulikula fuko? Senge akasema hapana.

Sasa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito. Muhula uliokuwa umetangulia, shuleni kwetu, nusu ya darasa tulikuwa tumeugua macho. Tuliamka kope zimegandana, mama zetu wakazibandua kwa maji ya uvuguvugu, tukapelekwa hospitali, tukapakwa dawa ya mrija mdogo, na baada ya siku chache tukarudi kucheza. Leo najua ule ulikuwa ugonjwa mwingine, mwepesi kuliko huu. Lakini nilijua kwamba macho huziba, na nilijua mahali yanapofunguliwa. Nilijua jioni ile ile. Nami nilinyamaza, kwa sababu kusema lolote juu ya macho kungelileta lile paja katikati ya nyumba.

Nilinyamaza usiku huo, na kesho yake mchana kutwa. Kukhu alituma mtu ng'ambo ya mto kumwita mama mzee aliyejua mambo ya fuko. Mtoto hakuruhusiwa kutoka nje ya nyumba kabla hajaja, ati jua likimgusa, macho yatafungwa kabisa. Senge alilala akiutazama ukuta. Mara mbili macho yetu yalikutana, na mara mbili mimi nilikuwa wa kwanza kutazama pembeni.

Mama mzee alifika asubuhi ya siku ya tano. Hakuwa mtu mbaya, na alimshika mtoto kwa mikono yenye huruma. Alieleza tiba yake: fuko achomwe mzima mpaka awe majivu, majivu yatiwe maji, na aliyekula, yeye mwenyewe, ayapake ndani ya macho ya mtoto kwa kidole chake. Bila huyo hakuna kitu. Kwa hiyo tulikalishwa sote kwenye nyumba ya Kukhu, tukaulizwa. Simiyu ndiye aliyesema, na hakusema kwa ubaya, alikuwa analia kwa ajili ya mtoto. Siku ile ya ng'ombe walirudi wakakuta paja moja halipo, na nyumbani walikuwa wamebaki Senge na mimi.

"Nilikula," akasema Senge. Sauti haikufika mbali. "Nisamehe, mama."

Kukhu hakumgombeza. Aliinama tu, kama mtu aliyepokea habari aliyokwisha kuijua. Bakuli likaletwa. Maji yale yalikuwa meusi, na vipande vya mkaa vikielea juu. Senge akatumbukiza kidole. Wafula alikuwa mapajani mwake, akinyonya hewa, kope zake kama mbegu zilizovimba.

Nikasimama. "Mimi pia nilikula, Kukhu. Na macho yangu yanaona."

Kukhu aliniambia niketi, mimi bado ni mtoto, sijabeba mimba. Nikasema darasani kwetu macho yalituziba watu zaidi ya kumi, wengine wavulana, wengine wanatoka kwa watu wasiomgusa fuko, na tulipona kwa dawa ya hospitali. Akaniambia niketi. Nilikuwa nimelelewa vizuri. Sikuwahi kubishana na mtu mzima. Lakini kidole cha Senge kilikuwa kimeshatoka kwenye bakuli na tone jeusi likining'inia, nami nikalichukua lile bakuli kutoka mikononi mwa mama mzee nikalimwaga sakafuni. Halafu nikamshika Senge mkono ule na kuufuta kwa gauni langu.

Kukhu hakuwa amewahi kunipiga. Siku hiyo alinipiga, kofi moja, na nadhani lilimuuma yeye zaidi, kwa jinsi alivyoutazama mkono wake baadaye. Sikuketi. Nilimwambia kama kuna majivu mengine nitayamwaga pia.

Senge hakungoja zaidi. Alimfunika mtoto kwa leso, akasimama akijishikilia ukutani, siku tano tu baada ya kujifungua. Mama mzee alionya juu ya jua. Kukhu alisema mlango ule, Nekesa, ukitoka na mtoto kwa mlango ule, usirudi.

"Basi nitarudi kwa mlango huo huo, mama," akasema Senge. "Akiwa anaona ama haoni."

Kuka akatoka kabla yetu. Tulimkuta barabarani amemsimamisha mwendesha boda boda, zile za baiskeli za siku hizo, akisisitiza aende polepole kama amebeba mayai. Senge aliketi kiupande nyuma ya mwendeshaji, na mtoto kifuani. Mimi nilikimbia kando yao hadi Webuye, shavu likiwaka.

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache. Alisafisha macho ya Wafula kwa maji yenye chumvi, akamdunga sindano, akampaka dawa. Aliuliza ni lini yalianza, na alipojibiwa, alifumba midomo. Akasema tungekuja siku ileile, ingekuwa kitu kingine; tungekaa siku mbili zaidi, tusingekuwa na macho ya kutibu. Halafu akaniambia nitoke nje kidogo, akazungumza na Senge faraghani.

Aliyoyasema niliyajua nikiwa mtu mzima, Senge mwenyewe aliponieleza. Ugonjwa ule mtoto huupata anapozaliwa, kutoka kwa mama. Na mama huwa ameupata kwa mume. Mume aliambiwa aje atibiwe, na ilichukua muda mrefu kabla hajakubali kuja. Nimefikiria mara nyingi kuhusu hilo. Nyumba nzima ilikuwa imekaa kuchunguza kilichoingia kinywani mwa mwanamke, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu mwanaume aliyekuwa Suam.

Jicho la kushoto lilifunguka siku ya pili. La kulia lilichelewa, na lilipofunguka lilikuwa na doa dogo jeupe juu ya kioo chake, kama chembe ya unga. Halijaondoka. Wafula ni kijana mkubwa sasa, anasoma, anaendesha pikipiki kwenye miteremko ambayo mimi ningeshuka kwa miguu, ila ukitaka kumwonyesha kitu, simama upande wake wa kushoto.

Kukhu alilitumia doa lile kama ushahidi hadi mwisho. Hakuwa na chuki. Alisema tu: fuko alichukua kidogo, Mungu akaacha kilichobaki. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeshaanza kufundisha, nilikaa naye mchana mmoja akiwa mgonjwa, na bila kunitazama akaniuliza kama ile nyama ilikuwa na mafuta. Nikamwambia ilikuwa nayo, mengi. "Kuka wako alikuwa anarudi midomo inang'aa," akasema, kisha akaomba nimgeuze upande wa pili.

Wanafunzi wangu huniuliza mambo kama haya, maana katazo bado liko katika nyumba nyingi, na mimi huwajibu taratibu, bila kuwacheka nyanya zao. Nawaambia nilikula fuko, na kwamba sijutii hata kidogo, wala sitaomba msamaha kwa ajili ya nusu ya paja. Wengine hushangaa mwalimu anasema hivyo.

Ila sijawahi kuwaambia kuhusu siku ya nne. Mnyama yule hakumfanyia Wafula lolote. Doa lake lilitengenezwa na siku ile ambayo watu wazima walimngoja mama mzee, na mimi, niliyejua hospitali iko wapi, nikakaa kimya ili nisijulikane. Ndiyo maana siku hizi nikikalishwa na kuambiwa ninyamaze, sinyamazi.