Umeme wa Saa ya Kengele

Mimi si mtu wa mizimu, na mama nilimwambia hivyo waziwazi. Lakini jioni ya kwanza niliporudi kijijini Gare kumuuguza, kengele ya kanisa ilipogonga, balbu ilififia ikawa nyekundu, na mashine ya oksijeni iliyokuwa ikimsaidia kupumua ikaanza kukoroma. Mama akageukia mlangoni, akaamkia kwa Kishambaa, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimpokea nayo marehemu baba akitoka shambani.

"Amekuja," akaniambia. "Mpishe akae."

Nilipisha. Nywele zilinisimama, nisidanganye.

Ikawa kila jioni. Mashine inakoroma, mama anaongea na kiti kitupu huku midomo ikibadilika rangi. Yeye anafurahi, mimi naogopa atanifia mikononi. Nikamuuliza jirani kama na kwake taa hufifia. Akainamisha kichwa. "Ni mwanangu yule tuliyemzika. Usimwambie mtu." Nikauliza na kwingine, kumbe kila nyumba ilikuwa na mgeni wake, na kwa kuwaheshimu wafu hakuna aliyekwenda kulalamika popote.

Nikasema hapa si bure. Jioni iliyofuata, kengele ilipogonga, nikatoka nikapanda mpaka kwenye transfoma. Ilikuwa inanguruma. Karibu na nguzo, bandani, pikipiki za umeme za bodaboda zilikuwa zimepangwa ukutani, hakuna mtu, vitaa vyao vya kijani vikipepesa kwenye ukungu. Vijana wakirudi saa ya kengele huzichomeka zote kwa pamoja, kisha huenda kula. Zilikuwa zinanyonya umeme wa kijiji kizima, kimya kimya.

Niliwasubiri. Wakaniamkia, nikawaeleza habari ya mashine ya mama. Hawakubisha, maskini, wakakubaliana wazichaji kwa zamu.

Kesho yake kengele iligonga, balbu ikabaki nyeupe. Mashine ikafanya kazi vizuri, midomo ya mama ikabaki na rangi yake. Nilifurahi mno. Mama alikuwa anatazama mlango.

"Leo haji?"

"Ulikuwa umeme, mama. Ulikuwa mdogo, sasa umetengemaa."

Akauvua mpira wa hewa puani, akauweka mapajani.

"Izime hiyo mashine. Inapiga kelele, sitamsikia akibisha hodi."

Nilimrudishia mpira, nikamshika mikono yote miwili asiuvue tena. Tulikaa hivyo, yeye analia, na mimi, Mungu anisamehe, nimetega sikio mlangoni.