Jina la Kwanza Kwenye Kioo cha Pising

Wanaume wa Tabunok, mtaa wa mji wa Talisay kule Ufilipino, wakishaketi wawili, wa tatu akaongezeka, hawamalizi sigara moja kabla hawajagombana juu ya mabondia. Na mahali pa kugombania panajulikana: nyuma ya soko, kinyozini kwa Nang Pising. Kwetu dada mkubwa huitwa Nang, kaka mkubwa Nong, na wadogo ni Dong na Day. Ukitaka kunyoa kimyakimya, nenda kwingine, usije ukatupotezea nafasi kwenye benchi.

Jina lake la ubatizo ni Teopista, ila hakuna anayelitumia isipokuwa padri. Ana miaka sitini na mitatu, mfupi, mikono imejaa, na ulimi wake unanyoa kuliko wembe. Duka kalirithi kwa baba yake pamoja na viti viwili, kioo kirefu na sheria moja: mwenye wembe ndiye mwamuzi. Bishana utakavyo, lakini majina matano ya mabondia bora waliowahi kutoka Talisay, wa zamani na wa sasa, wa uzito wowote, huandikwa kwa sabuni juu ya kioo kile, na anayeandika ni kinyozi peke yake. Baba alifanya hivyo mpaka akafa. Binti naye hajamwachia mtu sabuni.

"Nong Islaw, hao wazee wenu hawana hata video," alisema Dondon asubuhi moja ya Oktoba, wiki moja kabla ya sikukuu ya Santa Teresa. Dondon ni dereva wa pikipiki, ana miaka arobaini, na simu yake imejaa takwimu za ngumi kuliko namba za abiria. "Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Pacquiao kashinda madaraja manane. Wewe unaniletea Pancho Villa, bondia aliyekufa babu yangu hajabalehe."

"Villa alikuwa na daraja moja, Dong, na akalimaliza," alijibu Islaw, mwoka mikate.

"Angekutana na Pacquiao je?"

"Kwa uzito gani? Unamtaka kwenye ratili mia na kumi na mbili? Aliyekuwa na ratili hizo ni yule kijana wa miaka kumi na tisa, na huyo alikuwa bado hajawa Pacquiao wako. Ukimleta yule mkubwa, basi Villa naye umwongezee nyama. Na ukishamwongezea nyama, si Villa tena."

"Haya, Elorde?" alidakia mwingine kwenye benchi, na Dondon kitini akageuka. "Miaka saba na mkanda."

"Kichwa wima, Dondon," alisema Pising, "nisije nikakukata sikio, ukamsikia Elorde kwa upande mmoja."

Benchi likacheka. Yeye mwenyewe ana kipimo chake, na watu wamekizoea. Usimuulize nani alipiga sana. Yeye hukuuliza: alilala njaa siku ngapi, na alipandaje mizani? Maana kakulia kwenye mizani. Zamani bondia akizidi uzito kidogo, kinyozi aliitwa haraka amnyoe kichwa, kwapa na popote penye nywele, ili apungue hizo chembe. Baba yake alikuwa ndiye kinyozi huyo, na Pising ndiye aliyebeba maji.

Kwenye kioo, jina la mumewe Eutiquio, yaani Tikyo, limekaa la tatu miaka yote. Watu husema ni adabu ya mke, hataki kujipendelea. Adabu gani. Wangejua.

Mwaka wa sabini na nne, sikukuu kama hii, Tikyo na Islaw walikuwa wagombee mkanda wa visiwa vya Visaya, uzito wa fly, usiozidi ratili mia na kumi na mbili, na mshindi angepelekwa Japani. Islaw alipanda mizani akakuta ratili mia na kumi na mbili kamili. Siku tatu hakula, na siku ya mwisho alilamba barafu akatema. Tikyo alipanda akazidi. Akanyolewa kichwa kikabaki kama yai, bado akazidi robo tatu ya ratili. Akavua kaptula. Taulo haikuwepo, ikachukuliwa shuka ya kinyozi. Ncha moja akashika baba, ncha ya pili akapewa binti yake wa miaka kumi na minane, akaambiwa ageuze uso, maana nyuma ya shuka mwanamume yu uchi.

Pising akageuza uso. Ndipo akasikia shuka inavutwa chini upande wake. Tikyo alikuwa ameishika kwa vidole, anaiegemea ili mizani isome pungufu. Msichana mwingine angeshtuka akaiachia. Yeye alimwona Tikyo dakika chache kabla, machozi yakimtiririka huku ananyolewa, na hakusubiri kufikiri. Alikaza. Alikaza mpaka kiwiko kikatetemeka, na mpima uzito akasema mia na kumi na mbili, haya, vaa.

Tikyo alishinda kwa pointi moja, raundi kumi na mbili. Akaenda Japani, akapigana mara tatu, akarudi na redio na pua iliyopinda, akamwoa Pising. Islaw hakupata nafasi nyingine. Akafungua tanuri la mikate, akazaa watoto sita, na leo ana uzito wa madaraja matatu yaliyojumlishwa. Kila asubuhi huleta kinyozini mikate ya moto na kukaa benchi moja na Tikyo. Akiulizwa, husema: "Nimepigwa mara moja tu maishani, na aliyenipiga ndiye huyu. Sina la kuongeza." Kila akisema hivyo Pising hugeukia sinki na kuosha kitana ambacho hakikuchafuka. Hajamwambia mtu. Hata mumewe hajamwambia, maana aliamini Tikyo anadhani ilikuwa bahati tu, kwamba mizani ilimhurumia.

Asubuhi ile ya Oktoba, Dondon alipomaliza kunyolewa hakuondoka. Alikuja na habari. Kamati ya sikukuu ilitaka orodha ya kioo isomwe uwanjani, na wa kwanza akae kiti cha heshima na kupiga kengele ya mapambano ya vijana.

"Mwandike Nong Tikyo wa kwanza, Nang," alisema. "Wawili waliomtangulia walishakufa, na adabu nayo ina mwisho. Uandike Jumamosi, mimi niipeleke."

"Na mimi naunga mkono," alisema Islaw. "Nani anamjua kuliko mimi? Ngumi zake nilizila mimi."

Wote wakainua mikono. Tikyo alikuwa pembeni na gazeti, hakuinua wa kwake wala uso. Pising alisema atafikiri. Kufikiri gani? Angeandika, angeuthibitisha uongo ule mbele ya mji mzima, na Islaw akipiga makofi. Asingeandika, angeulizwa kwa nini. Siku nne hakula vizuri, na wali wake mara mbili uliungua.

Ijumaa, kabla hajafungua duka, alimkalisha mumewe kitini amnyoe ndevu.

"Kyo," alisema, wembe ukiwa shingoni, "jina lako siwezi kuliandika la kwanza."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ile shuka, Day. Robo tatu ya ratili haielei hewani. Kuna mtu aliibeba."

Pising akautoa wembe shingoni, kwa usalama wa wote wawili. "Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipokaza. Hebu fikiri. Baada ya pambano nilikuja hapa Jumamosi tatu mfululizo, na kichwani sina hata unywele mmoja. Nilikuja kunyolewa nini?"

"Nilidhani umenipenda."

"Ya kwanza nilikuja kuona kama utasema. Ya pili hivyohivyo." Alifungua jicho moja. "Ya tatu nilikuja kukuona wewe."

Pising alicheka, akalia, akampiga na taulo begani, akamwita mshenzi. Miaka zaidi ya arobaini wamelala kitanda kimoja, kila mtu na siri yake, kumbe siri yenyewe ni moja. Furaha ilimjaa na hasira ilimjaa, na hakujua aanze na ipi, basi akamalizia shavu lililobaki.

"Andika unachoamini," alisema Tikyo. "Mimi nimechoka kusifiwa na Islaw. Kila akinisifu nasikia njaa yake."

Jumamosi duka lilifurika. Islaw ndiye aliyekuwa kitini, povu limemjaa usoni, shavu moja limeshanyolewa. Pising alifuta kioo chote kwa kitambaa, akachukua sabuni, akaandika juu kabisa: Wenceslao.

Benchi zima likageukia kiti. Wenceslao ndilo jina kamili la Islaw.

"Futa, Day," alisema Islaw, bado ana utani sautini.

"Sifuti."

"Nimesema futa. Mimi si ombaomba. Nilipigwa, nikakubali kwamba nimepigwa. Usinipe sadaka ya sabuni mbele za watu." Sasa utani ulikwisha. Alishika mikono ya kiti ainuke.

Tikyo akasimama. Hakupamba. Alisema mizani, alisema shuka, alisema vidole vyake. Pising akasema mkono wake.

"Kiasi gani?" aliuliza Islaw.

"Robo tatu ya ratili, bay."

"Na pointi moja."

"Na pointi moja."

Islaw aligeukia kioo. "Miaka yote hii," alisema, "watoto wangu wakiniuliza kwa nini naoka mikate, nawaambia baba yenu alipigwa na mtu aliyemzidi, na hilo si aibu. Nililala usingizi kwa maneno hayo. Sasa niwaambie nini?" Akavua shuka, akatoka na povu lake shavuni, akapita katikati ya soko hivyohivyo.

Jumapili mikate haikuja. Jumatatu haikuja. Tikyo alikwenda hadi tanurini, na mke wa Islaw akamwambia mlangoni kwamba mzee kalala, huku ndani unga unasikika unapigwa mezani kwa nguvu zote. Akarudi mikono mitupu. Pising hakumlaumu mtu. Alisema Islaw ana haki hata ya kuwapiga, na akimkuta njiani atampa shavu lake la kulia. Alichosikia ni uzito mwingine, kwamba ameujua ukweli kwa raha, na mtu mwingine ndiye anayeumia.

Jumanne ikawa sikukuu. Nguruwe wa kuchoma walipita mezani wamekauka ngozi vizuri, tarumbeta zikapiga, ulingo ukafungwa kamba mbele ya kanisa. Dondon akapanda na kipaza sauti, akasoma majina matano, akaita la kwanza. Kiti cha heshima kilikuwa kitupu. Akaita tena. Watu wakaanza kunong'ona, na Pising, aliyekaa mstari wa mbele na mumewe, akainamisha kichwa.

Islaw akatokea upande wa sokoni, kavaa shati jeupe la sherehe lililombana tumbo. Shavu moja lina vishina vya siku tatu, jingine limejaa ndevu za zaidi ya wiki. Watu wakaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" alisema akipanda ngazi taratibu. "Nilikuwa nimemkasirikia kinyozi wangu, na mwingine simwamini."

Akapiga kengele. Kisha akamnyang'anya Dondon kipaza sauti, akashuka ulingoni hadi mstari wa mbele, akasimama mbele ya Pising.

"Uliishika kwa mkono gani, Day?"

"Wa kulia," alisema Pising.

"Ulete."

Akaupokea, akaukagua juu na chini kama anayenunua samaki. Ulikuwa na makovu madogo ya wembe, na vidole vimevimba kwenye maungo.

"Nimeongea na watoto wangu," aliuambia mji. "Nimewaambia nilikosea. Miaka yote nilidhani nilipigwa na mtu mmoja. Kumbe walikuwa wawili, na mmoja hata hakuwa anaangalia. Kwa pointi moja. Nionyesheni bondia mwingine wa ratili mia na kumi na mbili aliyesimama raundi kumi na mbili mbele ya watu wawili. Villa? Elorde? Hakuna."

Tikyo alicheka mpaka akajifunika uso. Islaw hakumtazama, bado, lakini mguu wake ulimkanyaga Tikyo kidogo pale chini, kama zamani walipokuwa vijana wa ukumbi mmoja wa mazoezi.

Kisha akauinua mkono wa Pising juu, vile mwamuzi anavyouinua wa mshindi, akamzungusha pande zote nne watu wamwone. Pising alilia mbele ya Talisay nzima, na mkono hakuushusha.