Kadi ya Mokami na Saa Nane ya Asubuhi

Saa mbili asubuhi, Verdiana Heche anafuta vumbi kwenye sanduku la mbao lenye kadi za kuzaliwa za kijiji chao, huku Machochwe. Ni Jumatatu, Januari 10, 1977, siku ya kuandikisha darasa la kwanza. Kabla hajaketi, anasali kidogo: "Bwana, nisimpoteze mtoto wa mtu."

Verdiana ana miaka arobaini hivi. Yeye mwenyewe hana kadi. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, akiwa na watoto watano. Leo ndiye karani wa kijiji. Mshahara hana, wanakijiji humlimia ekari moja ya mtama.

Wa kwanza kuingia ni Bhoke, amemshika mkono binti yake Mokami. Nyuma yao anakuja Mwalimu Benedicto, mkuu wa shule.

"Shikamoo, dada karani."

"Marahaba. Mbona umenuna hivyo?"

"Mwalimu amemkataa mwanangu!"

"Nimempitisha mkono juu ya kichwa, haukufika sikio la upande wa pili," Mwalimu anajitetea. "Na kadi yake, hii niliyoazima kwako, inasema 1/12/1970. Tarehe moja Desemba. Ana miaka sita, na sheria inataka awe na saba kufika mwisho wa mwezi huu."

"Mikono mifupi ni ya ukoo wa baba yake! Tazama meno, ya mbele yameshaota tena!"

Mokami anafungua mdomo, watu waone.

Baba yake ameshasema: asipoingia shule mwaka huu, atapelekwa Sirari kulea mtoto wa shangazi yake. Verdiana anawajua wasichana waliokwenda kulea. Hakuna aliyerudi kusoma.

Anaipokea kadi hiyo, namba 14, anaisoma mara mbili.

"Amezaliwa saa 8 asubuhi," anasema polepole. "Mwalimu, asubuhi gani ina saa nane?"

"Aliandika yule nesi mgeni kutoka ng'ambo," Bhoke anadakia. "Mimi nilijifungua saa mbili, ng'ombe wakitoka kwenda malishoni."

"Kumbe saa aliandika za kwao. Labda na tarehe pia."

Verdiana anachomoa kadi inayofuata, namba 15. Imeandikwa 1/19/1970.

"Nitajie mwezi wa kumi na tisa, Mwalimu."

Mwalimu anaangua kicheko. Nesi alikuwa akitanguliza mwezi. Na kwa kuwa kadi ziliandikwa kwa kufuatana, ya 14 haiwezi kuwa ya Desemba wakati ya 15 ni ya Januari 19. Mokami alizaliwa Januari 12.

"Basi anatimiza saba keshokutwa," Mwalimu anasema, akiandika jina lake. "Mama karani, leo umenifundisha."

Mokami anajaribu mkono tena. Bado haufiki sikio.

Nesi aliacha kadi 340. Verdiana anakusudia kuzipitia zote kabla ya Pasaka, aandike kila mwezi kwa herufi. Moja tu hataigusa.

"Ya Mokami ataiandika mwenyewe akishajua kuandika," anasema, akiirudisha sandukuni. "Nafasi nimemwachia."