Udenda wa Salumu

Nilipokuwa mtoto pale Baleni, enzi za Mdachi, neno udenda lilikuwa na maana mbili. Kwanza, mate yanayomchuruzika mtoto kinywani. Pili, hamu ya kitu unachokiona na hupewi. Bibi yangu mzaa baba alishikilia kwamba maana ya pili ndiyo iliyoizaa ya kwanza: mja mzito akinyimwa anachokitamani, hamu yake humwingia mtoto tumboni, ikaja kumtoka mdomoni.

Mdogo wangu Salumu alikwisha achishwa ziwa, na bado kifua chake kilikuwa chapachapa mchana kutwa. Majirani wakaanza kumcheka mama: mwanamke gani huyo, mroho hata kamwachia mwanawe alama! Baba naye, mwepesi wa hasira, akamkalia kooni.

"Sema nani alikunyima. Aliyenyima ndiye wa kumlisha mtoto kwa mkono wake, apone."

"Sikunyimwa, baba Salumu," mama akajibu, macho chini.

Bibi alikuwa akikuna nazi. Akaacha kukuna.

Mimi nilijua. Mama alipokuwa na mimba ya Salumu aliomba ukoko wa wali wa nazi, bibi akamwambia umekwisha. Haukwisha. Tuliula bibi na mimi nyuma ya jiko, tukiutafuna taratibu usije ukasikika, huku tukicheka.

Bibi akaingia jikoni, akatoka na ukoko alioulowesha kwa tui. Akampaka Salumu midomoni mbele ya baba, na mbele ya jirani aliyekuja kuazima kinu.

"Ni mimi, mwanangu. Nilikunyima kwa uroho tu. Niwie radhi."

"Radhi, mama. Yamekwisha," mama akasema, na hapo ndipo alipolia.

Kisha bibi akanitazama, asinitaje. Mikono yangu nilikuwa nimeificha ndani ya kanga. Sikuitoa.

Salumu aliendelea kutokwa na mate. Bibi akaona dhambi yake haijafutika, akawa kila Ijumaa anampaka ukoko na kuomba dua. Leo najua ni meno tu yaliyokuwa yakiota. Lakini siku zile niliamini, niliamini kabisa, kwamba dawa ilipungukiwa na mkono wangu, na bado nikamwacha mzee wa watu ajilaumu peke yake. Alifariki kabla kidevu cha Salumu hakijakauka, akidhani Mungu amemkatalia.