Ndugu yangu aliweka sindano zangu juani akanyamaza, sasa uhai wake uko mikononi mwangu

Admin, nifichie jina kabisa, maana ndugu yangu husoma hapa kila siku.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka arobaini na mmoja. Naishi mtaa wa Tena hapa Nairobi na ni karani kwa wakili mmoja pale Makadara. Kwetu ni Kitui lakini tumelelewa Jericho, ambako Mama bado anauza mitumba. Baba alianguka akafa akiwa na miaka arobaini na minne. Kaka yetu mkubwa akamfuata akiwa na thelathini na nane. Tukabaki mimi na huyu ndugu yangu, kitinda mimba wetu, ambaye ni dereva. Nilipopimwa ndipo nikajua kinachotumaliza: mafuta kwenye damu, ugonjwa wa ukoo, hata ule sukuma wiki peke yake yanapanda tu. Vidonge vilishindwa. Daktari akanitafutia nafasi kwenye mpango wa sindano, najidunga kila baada ya wiki mbili.

Sindano zenyewe zinataka adabu. Zinakaa kwenye friji, rafu ya katikati, ndani ya pakiti zake. Zikiganda, unatupa. Zikichomwa na jua, unatupa. Na kwa macho huwezi kujua kila mara kama zimeharibika.

Mwaka jana tulikuwa na harusi ya binamu yetu kule Kitui. Transfoma ya mtaa ilikuwa imeungua, hatuna stima siku ya pili, nikaona nibebe zote sita nilizokuwa nimetoka kuchukua kliniki. Nesi wa zahanati ya kijijini alikubali kuniwekea kwenye friji yake. Ndugu yangu akaniambia mbele ya Mama, "Sistee, wewe na Mathe pandeni basi, lakini hiyo kitu ikuje na gari yangu. Mimi nitafika na masaa matatu." Nikazifunga kwa taulo zisigusane na barafu, nikazipanga kwenye kasha la plastiki, nikamwambia, "Tafadhali usilifungue mpaka nikuone."

Alifika jioni, amechelewa sana. Nikafungua kasha, pakiti ni baridi kabisa. Nikamshukuru mbele ya watu wote.

Nilijidunga sindano hizo kwa miezi mitatu. Niliporudi kupimwa, mafuta yalikuwa juu kuliko siku ya kwanza. Daktari akanitazama. "Mama, niambie ukweli, unajidunga?" Nikaapa. Ndugu yangu ndiye alikuwa amenipeleka, ameketi hapo kando yangu. Mnajua alisema nini? "Daktari, huyu dada yangu husahau sana. Nitakuwa namkumbusha." Daktari akaandika kwenye faili kwamba sifuati matibabu. Nilitoka pale nikilia, naye akaninunulia soda.

Wiki mbili baadaye nilianguka ofisini nikiwa na faili za watu mkononi. Ulikuwa moyo. Nililazwa, wakanizibua mshipa, wakanipa sindano mpya. Daktari akaagiza ndugu yangu naye apimwe. Akatolewa damu, na kwa sababu alikuwa amepoteza simu akaandikisha namba yangu.

Nikiwa bado nauguza kifua nyumbani, binamu yetu mwingine aliyesafiri naye akatuma video za safari ile kwenye kundi la familia. Gari la ndugu yangu limeegeshwa kando ya barabara, jua la Kitui mnalijua. Yeye na marafiki zake wanakunywa. Kasha langu limejaa bia. Na pakiti zangu sita zimepangwa juu ya boneti ya gari. Nilirudia video hiyo mara nyingi kuliko naweza kuhesabu.

Nilimwita, nikamwonyesha. Akakuna kichwa. "Sistee, nilidhani ni dawa tu kama zingine. Nikazirudisha kwa barafu tulipokaribia kufika. Ningekuambia ungekasirika bure."

"Na kwa daktari?"

"Sasa ningesema nini?"

Hakuomba msamaha. Akaniomba nisimwambie Mama.

Sasa sikieni dhambi yangu. Wiki tatu zilizopita nesi wa kliniki alinipigia. "Majibu ya ndugu yako si mazuri, yanafanana na yako wewe. Nafasi ya sindano imepatikana, mwambie aje haraka." Nikamjibu bila hata kufikiri: "Alihamia Mombasa. Amesema hataki dawa." Nesi akasikitika, akasema watamshikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi, huenda akabadilisha nia. Nilikata simu nikasikia utamu ambao sijausikia tangu nitoke hospitali. Nikapika chapati siku hiyo.

Ndugu yangu anasema, "Kliniki hawajanitafuta, so niko fiti." Anakula nyama na kucheka. Mama ananiambia, "Namshukuru Mungu amenibakishia ninyi wawili," nami namwitikia amina.

Lakini Jumapili alipanda ngazi za kwangu, ghorofa ya tatu, akasimama mlangoni ameshika kifua. "Nimezeeka, sistee," akasema, akacheka. Ana miaka thelathini na sita. Nilimmiminia chai, nikaketi mbele yake, na habari ya nesi sikuitaja.

Mwezi unaisha Ijumaa. Moyo wangu unataka kwanza aende akasimame mbele ya daktari yule na mbele ya Mama, aseme kwa mdomo wake alichofanya, ndipo nimpe habari. Akikataa, akae na majibu yake asiyoyajua. Dada mmoja wa kanisani anasema nikisubiri hivyo nitamzika. Mimi nikifumba macho naona pakiti zangu sita juu ya boneti.

Msiniambie tu nisamehe, hilo nimeshaambiwa. Ninyi mngekuwa mimi, mngepiga simu leo, ama mngengoja akiri? Nishaurini, siku zinaisha.